Kidole Kilichomtoa Kaka Yangu Uwanjani

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo. Naomba msaada, na naomba mbio mbio, kwa sababu msumeno umeshanolewa na Ijumaa haiko mbali.

Mimi shule niliiachia njiani, kwa hiyo nukta na mkato unisamehe, lakini kwa kurusha mpira wa kriketi mtaa mzima unanijua kwa jina la Kimbunga, na sikujipa mwenyewe, nimepewa na watu niliowatoa uwanjani. Nafanya kazi kwenye karakana ya useremala ya kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea tangu baba afariki, na ndiye nahodha wa timu yetu sisi maseremala, mwaka wa kumi na saba huu. Mahasimu wetu ni watu wa kiwanda cha mikate, ng'ambo ya barabara tu, sisi tunawaita Unga na wao wanatuita Vumbi, na kila tukikaribia kucheza matusi huanza mwezi mzima kabla.

Jumamosi iliyopita tukacheza. Asubuhi wao walipiga sisi tukarusha, na mimi, si kujisifu, haya basi najisifu, niliwatoa watu watano peke yangu, wa tano vijiti vyake viliruka kama vimeitwa. Mchana ikawa zamu yetu kupiga. Sasa elewa Mama, sisi hatuna mwamuzi wa kulipwa, timu inayopiga ndiyo humtoa mtu wake avae kofia na koti jeupe asimame mwamuzi, na kwa kuwa mimi hupiga wa mwisho (kupiga siwezi, hilo nakiri) nikavishwa mimi.

Mambo yakaenda mpaka tukawa tunataka mikimbio mitatu tu tushinde, kaka ndiye anapiga, ametulia kama anapima ubao. Mrushaji wao akaja, mpira ukapita karibu na gongo la kaka ukaishia kwenye glovu za nahodha wao, bonge mmoja tunamwita Tanuri, na Unga wote kumi na moja wakapiga ukelele, "Vipi hiyo, mwamuzi!" kudai kaka ameugusa mpira na umedakwa. Mama, mimi sikuwa naangalia. Nilikuwa nimesimama pale narudia kichwani yule mtu wangu wa tano wa asubuhi. Na mimi ninapodai mtu ametoka huwa narusha mkono wa kulia juu, kidole kimesimama, ndiyo alama yangu, mpaka watoto wa mtaani wanaiiga, basi niliposikia ukelele mkono ukapanda wenyewe na mdomo ukafunguka nikapiga ukelele pamoja nao! Sauti yangu ilimezwa na zao, lakini kidole kila mtu alikiona, na kidole cha mwamuzi kikipanda mpigaji ametoka. Unga wenyewe wakasahau kushangilia, Tanuri kabaki mdomo wazi, kwa sababu tangu timu hizi zianzishwe hakuna mwamuzi wa Vumbi aliyewahi kumtoa nahodha wa Vumbi. Mimi nikatazama juu nikaona kidole, nikajiuliza cha nani.

Nilitaka kukishusha. Lakini kaka habishani na mwamuzi, alishaweka gongo kwapani anaondoka, na kibaya zaidi mpigaji aliyebaki ni mimi, kwa hiyo nikavua kofia nikamvisha mpiga rangi wetu, nikapokea gongo mikononi mwa kaka bila kumtazama usoni, na mpira wa kwanza tu vijiti vyote vitatu chini. Tumefungwa kwa mikimbio miwili.

Njiani kurudi kaka alibeba mkoba wa vifaa mwenyewe. Akaniuliza, "Uliusikia ukigusa?"

"Niliusikia, kaka."

"Kwenye gongo?"

"Kwenye gongo."

"Mimi sikuhisi kitu," akasema, akahamishia mkoba bega la pili.

Jumapili Vumbi wenzangu wakaanza kuniita Mkate, ati nimenunuliwa. Jumatatu Unga wakabandika karatasi kwenye ukuta wa kiwanda, MWAMUZI MWAMINIFU KULIKO WOTE, jina langu chini yake, na Tanuri mwenyewe akavuka barabara kuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga, "Kijana, umetuaibisha watu wazima," na anataka mechi ya marudiano Jumamosi hii nisimame mwamuzi wa pande zote mbili. Na mimi nilipenda, Mama. Tangu nizaliwe sijawahi kusifiwa kwa kitu kisicho mpira.

Sasa jana ndiyo nilishtuka. Naingia karakana, nakuta gongo la kaka limebanwa kwenye jiliwa, kamba za mpini zimefunguliwa zote, na yeye analipima kwa penseli.

"Kaka, unafanya nini?"

"Stuli ya mama ya jikoni imevunjika mguu. Mbao hii nzuri, imekauka."

"Si gongo lako hilo!"

"Kama niliugusa mpira na mikono yangu haikuniambia, mdogo wangu, nafuata nini tena pale uwanjani? Si wewe mwenyewe ulisikia?" Akapiga mstari. "Ijumaa nikimaliza kitanda cha mteja nalikata."

Nikafungua mdomo nimwambie. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Nikunolee msumeno?" Na nikaunoa, Mama! Nikaunoa vizuri kabisa!

Nifanye nini? Nikisema ukweli Vumbi wataniona mpumbavu, Unga watabandua karatasi yao, na kaka sijui atanifanya nini. Nisiposema, gongo la miaka kumi na saba linakaliwa jikoni. Tafadhali jina langu lifiche, kwa sababu kaka hununua gazeti hili na kila Alhamisi saa nne, wakati wa chai, huusoma ukurasa wako kwa sauti, karakana nzima tukawacheka wenye matatizo.

Ni mimi, mwenye mkono wake.

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Kimbunga. Barua yako uliyoiacha mapokezi kwa mkono jana nilianza kuisoma nacheka, ofisi nzima wakaniuliza kuna nini. Nilipofika kwenye jiliwa kicheko kikakatika. Nilipofika kwenye kunoa nikaiweka mezani kwanza nikanywa maji. Umemnolea msumeno! Mwanangu, nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, nimeandikiwa na wezi na waongo wa kila namna, na bado umenishtua.

Mkono kupanda sikulaumu. Ni mazoea, na aliyempa kofia mtu anayejifikiria yeye tu naye ana makosa yake. Ninakulaumu kwa lile "Niliusikia". Kaka yako alikuuliza mara mbili. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama mgonjwa anavyomuuliza daktari, na wewe ukampa ugonjwa ambao hukuupima. Unaniletea habari za nani atakuita Mkate na nani atakuita Mwaminifu? Hayo ni majina ya wiki mbili. Mikono ya kaka yako ndiyo iliyokulea, na kwa neno lako ameacha kuiamini. Leo ameitilia shaka kwenye mpira, kesho ataitilia shaka kwenye randa, na hapo mtakula nini wewe na sifa zako?

Kwa hiyo acha kulia, nisikilize. Utamwambia hivi, bila utani na bila kumtaja yule mtu wako wa tano: "Kaka, sikuusikia. Sikuwa naangalia. Mkono ulipanda kwa mazoea, halafu nikakudanganya." Koma hapo. Usije ukamwambia kwamba hakuugusa, maana hilo nalo hulijui, utakuwa unatoa uamuzi wa pili umefumba macho. Mwambie hujui, basi, yeye anaijua mikono yake. Akikasirika simama hapo hapo akukasirikie mpaka amalize, usisingizie kwenda chooni. Jioni vuka barabara umweleze Tanuri naye, na ile karatasi uibandue kwa mkono ule ule wa kulia. Ushindi ni wao, usiuguse. Kofia ya mwamuzi Jumamosi wape wengine. Na mguu wa stuli ya mama utauchonga wewe, kwa mbao nyingine, tena ukae sawa, asije mama akayumba.

Jina lako la kuzaliwa nimelificha kama ulivyoomba. Hilo la Kimbunga nimeliacha, kwa sababu hata ningelifuta, kuna maseremala wangapi mtaani kwenu waliomtoa kaka yao kwa kidole Jumamosi iliyopita?

Leo ni Alhamisi. Gazeti linafika mtaani saa moja asubuhi, chai yenu ni saa nne, na msomaji ni yeye. Una saa tatu za kumfikia kabla sijamfikia mimi. Weka gazeti chini, inuka.