Chai na Nyani

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeandika uongo kwenye daftari la majeruhi. Miaka ishirini na sita ya unesi wodini sikuwahi. Hapa hotelini sijamaliza hata miwili.

Mgeni wa chumba cha tatu, mzee mcheshi, kaja na mkono umechanika toka kidole gumba hadi kwenye saa. Mistari minne, imenyooka kama ya rula. Alikuwa akimpa nyani ndizi, halafu akaamua kumtania — akairudisha nyuma. Nyani hataniwi.

Nimeosha, nimefunga. Meneja kaingia kabla sijashika kalamu. Kampa mzee pole nyingi, kamtuma mtu amletee juisi. Tulipobaki wawili akasema niandike kwamba mgeni alijikwaruza kwenye michongoma. Mama, ni mchubuko tu, tusiukuze.

Nikaandika michongoma. Hoteli nzima hii haina mchongoma hata mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahesabu nyani nikiwa dirishani. Arobaini na mmoja. Mwezi wa kwanza, "Chai na Nyani" ilipoanza, walikuwa wanane.

Saa moja kamili asubuhi mpishi anatoka na sinia la mikate na ndizi, analiweka kwenye majani, hatua kumi kutoka meza za wageni. Nyani wanashuka ukutani. Wageni wanapiga picha. Picha zinaleta wageni wengine. Kwenye bango la barabarani siku hizi nyani ni mkubwa kuliko jina la hoteli.

Zamani walikuwa wakifukuzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Alikuwa na manati shingoni, na wala hakuwa akiwapiga. Akiuvuta tu ule mpira, wanapotea. Wenzake wanamwita Manati hadi leo. Mgeni mmoja akaandika barua kwamba anatesa wanyama, basi akapelekwa jikoni kusugua masufuria.

Nimemfuata huko nyuma ya jiko, mikono imejaa masizi. Nikamwuliza anaonaje.

"Shemeji, zamani walikuja kama wezi. Mwizi anaogopa. Sasa wanakuja kama wenye nyumba."

Akaendelea kusugua.

Ijumaa, 7 Machi

Kicheko cha mwaka. Mama Pacha, anayefanya usafi vyumbani, kafungua chumba cha kumi na nne na kumkuta Mheshimiwa kitandani. Mto mgongoni, miguu kainyoosha, anakula dawa ya meno. Mheshimiwa ni yule dume kubwa — tumempa jina kwa ajili ya tumbo na mwendo wake, na kwa sababu akipita kila mtu anampisha. Mama Pacha anasema alimpa shikamoo akatoka kinyumenyume.

Tumecheka mpaka machozi. Mpishi akasema, nyani haoni kundule, lakini kitasa cha mlango amekiona.

Manati peke yake hakucheka. Akauliza: mlango wa roshani ulikuwa wazi? Mama Pacha akasema hapana, aliufunga mwenyewe juzi mgeni alipoondoka. Akauliza tena: ulifunga na komeo? Hapana, kitasa tu.

Milango ya roshani hapa ina vitasa vya kubonyeza chini. Yote thelathini. Na komeo liko juu kabisa, limepakwa rangi ileile ya mlango. Mgeni asiyeambiwa hawezi kulijua.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba Meneja dakika kumi. Kanipa tano. Nimemwambia mambo matatu: sinia lipunguzwe kidogo kidogo hadi liishe, Manati arudishwe nje, kila mgeni aambiwe habari ya komeo.

Kasikiliza vizuri. Si mtu mbaya, hilo niseme. Alinipa kazi hii wakati wengine waliona nimezeeka. Lakini akasema, ukimwambia mgeni afunge komeo atauliza kwa nini, na ukimjibu kwa nini, kesho anahama. Akanionyesha fomu mpya ya mapokezi. Wageni watatia saini kwamba wamekubali "mazingira ya asili" na yote yatokanayo. Herufi ndogo kama sisimizi.

"Mama, wewe tibu vidonda. Biashara niachie mimi."

Nikasema sawa. Mdomo wangu ulisema.

Jumatano, 12 Machi

Mikono yangu bado inanuka sabuni ya hospitali.

Saa mbili kasoro asubuhi, ukumbini, ghorofa ya kwanza. Mama Pacha alikuwa amebeba trei ya chai ya chumba cha kumi na moja. Mheshimiwa alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi, anapiga miayo. Mama Pacha akadhani ana usingizi, akamcheka. Kumbe — Manati kanieleza baadaye — nyani dume akipiga miayo hana usingizi. Anakuonyesha meno, visu vyake.

Mheshimiwa alipoirukia trei, hakuiachia. Hilo ndilo kosa lake: aliogopa kuvunja vyombo.

Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Matundu mawili upande mmoja, mawili upande wa pili. Nimeweka mkono chini ya bomba, maji na sabuni, robo saa nzima kwa saa ya ukutani. Analia bila sauti. Ananiuliza, Mama Nesi, pacha wangu nitawabebaje? Nikamwambia utawabeba kwa huu mwingine.

Jeraha kama hilo halishonwi hapa. Na lazima sindano za kichaa cha mbwa, leo hii, si kesho. Hospitali ni mwendo wa saa mbili. Gari la hoteli limekwenda kupokea wageni. Nikamsimamisha mtu wa gari la mboga, akampakia mbele, kati ya dereva na kapu la kabichi.

Meneja kaja jioni. Safari hii ilikuwa glasi: aandikwe alikatwa na glasi. Nikamwambia glasi haina chonge. Nimeandika kilichotokea, saa, mahali, mnyama, matundu manne. Nimetia saini.

Alhamisi, 13 Machi

Mama Pacha kapata sindano ya kwanza. Bado tatu. Ofisini wamemwambia siku za matibabu zitakatwa kwenye likizo yake.

Jumamosi, 15 Machi

Kuna daftari jipya la majeruhi mezani kwangu. Jalada zuri, gumu. La zamani, karani kasema, limepelekwa "kuhifadhiwa". Wapi? Hajui. Kaangalia viatu vyake.

Meneja tumekutana kwenye ngazi. Mpole kuliko siku zote. Kaniuliza habari za binti yangu chuoni. Akasema kazi za umri wangu siku hizi ni adimu, yeye ananithamini sana. Akanishika bega. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 17 Machi

Sijui kama nitalala.

Saa kumi jioni kaja mama mmoja, chumba cha tisa. Wamefika leo, yeye na mumewe, na mtoto wa miezi minane. Mtoto ana joto kidogo — jino linatoka. Nimempa dawa ya matone. Mtoto kanishika kidole, hakiachii. Tumecheka.

Mama yule akatazama dirishani. Ukutani nyani walikuwa wamejipanga safu. Akauliza moja kwa moja, kama mtu anavyomwuliza nesi:

"Hawa nyani wana hatari?"

Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Meneja alikuwa mapokezi, hatua sita, mgongo kwetu.

Nikasema, "Fungeni tu mlango wa roshani."

Akasema asante. Akaenda. Sikumfuata. Komeo sikulitaja. Nilikuwa na nafasi ya kulitaja pale, nilikuwa nayo kwenye chakula cha jioni, na tena nilipomwona akipanda ngazi. Maneno mawili tu: funga komeo. Nitamwambia kesho.

Jumanne, 18 Machi

Chumba cha tisa walitoka alfajiri kutembea, wakarudi usiku. Sikuwaona. Nilikuwa na mgeni anatapika toka saa kumi na mbili jioni.

Tena, leo nyani hawakugusa mikate mpaka Mheshimiwa aliposhiba. Aliposhiba hakuondoka. Alikaa anatazama madirisha ya ghorofa ya kwanza, moja baada ya jingine, kama karani anayehakiki orodha. Wageni wakasema ni mzuri.

Jumatano, 19 Machi

Saa tisa alasiri. Nimejifungia katika chumba cha huduma ya kwanza. Naandika haraka.

Asubuhi gari la mikate liliharibika njiani. Saa moja ikafika, hakuna sinia. Saa moja na robo, hakuna. Mpishi kasema walikuwa wametulia tu, arobaini na mmoja, wanaangalia mlango wa jiko. Halafu akawahesabu akapata arobaini.

Nilisikia ukelele wa mwanamke. Nilijua ni chumba gani kabla sijajua ni nini.

Mama alikuwa bafuni, baba kashuka kutafuta kahawa. Mtoto kitandani kwake, biskuti mkononi. Mheshimiwa alibonyeza kitasa akaingia. Huenda alitaka biskuti tu. Huenda mtoto hakuiachia. Mama alipotoka akipiga kelele, Mheshimiwa akamkamata mtoto kwa gauni na kumburuta mpaka roshani. Manati ndiye aliyefika wa kwanza, kapanda ngazi na kifuniko cha sufuria na mwiko, anapiga kama amerukwa na akili. Dume akamwachia mtoto kwenye sakafu. Akaondoka akitembea. Hakukimbia.

Bega, na ngozi ya kichwa upande wa kulia. Damu ya kichwa hutoka nyingi, nilijiambia hivyo, nilimwambia mama yake hivyo. Nikasafisha, nikabana kwa kitambaa. Mtoto alikuwa analia, na kulia ni kuzuri. Alipoanza kunyamaza nikawaambia gari, sasa hivi.

Nilikuwa nimeshaweka mguu mmoja garini. Meneja kanishika kiwiko. Mama, wewe baki, mwanasheria yuko njiani, anakuhitaji. Manati akaingia mahali pangu, akashika kitambaa nilichokuwa nimekishika mimi. Nikashuka.

Kwa nini nilishuka? Nesi nani hushuka?

Mama wa mtoto alinitazama kupitia kioo. Hakuwa na hasira. Alisema kama anayenipa taarifa:

"Nilifunga. Ulisema nifunge, nilifunga."

Mwanasheria kafika saa saba. Kijana nadhifu, sauti ya taratibu. Kaja na karatasi iliyochapwa tayari. Inasema mgeni aliacha mlango wa roshani wazi, kinyume cha maelekezo aliyopewa na muuguzi wa hoteli. Chini kuna nafasi ya saini yangu. Akasema karatasi hiyo inanilinda na mimi pia — maana maelekezo yalitolewa, si ndiyo? Nikamwambia naomba niisome peke yangu. Ndipo nikafunga mlango.

Saa nane na nusu Manati kapiga simu. Mtoto kaingizwa chumba cha upasuaji. Baba anazunguka uani. Mama kakaa kwenye benchi, maji hataki, chakula hataki. Toka wafike kaongea mara moja tu. Kamwuliza Manati: yule nesi alijua kwamba nyani wanajua kufungua?

"Nimjibu nini, shemeji?"

Nikamwambia nitakupigia. Sijampigia.

Wanabisha. Wanabisha kwa adabu, Meneja na yule kijana, zamu kwa zamu. Mama, ukiwa tayari. Mama, hatukuharakishi.

Dirishani naona basi dogo limeingia. Wageni wapya, kofia, watoto wawili au watatu wanakimbilia majani. Mpishi anatoka jikoni na sinia. Saa tisa hii haikuwa saa yao kamwe, lakini Meneja kasema walishwe, wakishiba watatulia. Ukuta umejaa. Mtoto mmoja ananyoosha kidole, mama yake anatoa simu apige picha.

Nimejaribu kufungua dirisha niwapigie kelele. Limegandishwa kwa rangi, halifunguki.

Nimeigeuza ile karatasi. Upande wa pili mweupe. Nimeandika kwa mkono wangu: Mimi, muuguzi wa hoteli hii, nilijua tangu Ijumaa tarehe saba kwamba nyani wanafungua vitasa. Tarehe kumi na saba mama wa mtoto aliniuliza kama kuna hatari. Sikumjibu ukweli, kwa sababu

Wamebisha tena. Sasa wana ufunguo, nausikia unatafuta tundu. Nimewaambia subirini, sijamaliza.