Gunzi Ambalo Halikuwepo

Chwele, 3 Machi 2025

Kwa mjukuu wangu Lorna,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi niko na nguvu, na bibi yako pia. Wewe je, baridi ya Kitale inakukula? Barua nimempa Nasro wa mitumba akuletee, si unajua simu sishiki. Maneno ya simu ikishasemwa inapotea.

Sasa sikia vile babu yako ni daktari bila chuo. Tajiri, ng'ombe yetu ya maziwa, ilikataa nyasi. Mate inatiririka mpaka chini, sauti imekauka, haimezi kitu. Watu wamesimama tu. Nikasema gunzi ya mahindi imekwama. Jirani Mukhisa akavuta ulimi, mimi nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Gunzi sikupata, nafikiri niliisukuma ikashuka. Meno ilitukwaruza, mimi mkono, Mukhisa kidole gumba. Tukapaka majivu, basi. Hii ng'ombe haina bahati, mwezi uliopita mbwa ya kupita iliiuma mdomo. Hiyo mbwa niliiua na rungu, pigo moja. Uliza mtu yeyote.

Soma kwa bidii ufikie kiwango changu.

Babu yako,
Kipchirchir


Kitale, 5 Machi 2025

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, lakini tangu nisome barua yako sijatulia.

Babu, hakukuwa na gunzi. Hicho ni kichaa cha mbwa. Wiki iliyopita tu mwalimu wetu, Bi. Chepchumba, alitusimamisha kwa zizi la chuo akasema: ng'ombe akidondosha mate na hawezi kumeza, mikono mfukoni kwanza, kwa sababu kila mfugaji hufikiria gunzi. Sisi hatukugusa hata mbuzi mmoja kabla ya kuchanjwa. Wewe na Mukhisa hamjachanjwa.

Osheni vidonda kwa sabuni na maji mengi, halafu mwende hospitali Bungoma leo. Ugonjwa huu hukaa kimya wiki nyingi, hata miezi. Ukishaonekana, mtu hushindwa kumeza, huogopa maji, na hapo hakuna dawa tena, Babu. Tajiri akifa msimguse.

Nimempigia Mukhisa. Anasema umekataa kushika simu, na yeye anangoja kuona wewe utafanya nini.

Mjukuu wako,
Lorna


Chwele, 10 Machi 2025

Lorna,

Salamu. Huku tuko wazima, kama ulitaka kusikia kingine pole.

Tajiri imekufa, tukaizika. Halafu watu wa glavu wakaja, ati wametumwa na mwalimu wako, wakaifukua wakaenda na kichwa. Aibu gani hiyo umeniletea?

Sokoni nilimwambia Mukhisa mbele ya watu, "Msichana ameanza chuo juzi, sasa anatutibu na kalamu." Tulicheka mpaka akashika tumbo. Akauliza, "Kwa hivyo hatuendi?" Nikasema, "Wewe nenda, kama unaogopa ng'ombe iliyokufa." Hakwenda. Mimi nimekanyagwa na fahali nikaamka, sindano ni ya watoto.

Babu yako,
Kipchirchir


Kitale, 17 Machi 2025

Babu,

Salamu nitaziandika siku nyingine. Kichwa cha Tajiri kimepimwa. Ni kichaa cha mbwa.

Ni wewe ulinifundisha kuvuta ndama ng'ombe akishindwa kuzaa, ndiyo maana niko hapa. Na mimi nisikize mara moja tu. Nenda. Mchukue Mukhisa.

Lorna wako


Chwele, 14 Aprili 2025

Lorna mjukuu wangu,

Usiulize afya, nitakwambia mwenyewe. Nilienda Bungoma. Bibi yako alitoa ile suti yangu ya kuzikwa, akaitandika kitandani, akasema, "Chagua. Hii ama hospitali." Sindano nimemaliza, na nesi alisema hajaona mzee shupavu hivi. Lakini nilichelewa, na hakuna mtu ananiambia kama nilichelewa sana. Kila asubuhi bibi yako ananiwekea kikombe ya maji mezani, anasimama mlangoni ati anaangalia kuku. Nikiimaliza anaondoka.

Shida ni Mukhisa. Nilimwambia twende pamoja. Akasema, "Si ni wewe ulisema ni ng'ombe iliyokufa tu? Sasa unaogopa?" Nikasema ndiyo, naogopa. Hajawahi kusikia nikisema hivyo, akafikiri ni mzaha. Akacheka vile tulicheka sokoni.

Tangu hapo naenda kwake kila siku kuomba chai. Chai sitaki. Nataka kumwona akimeza. Leo alimimina kikombe moja, yangu. Nikauliza, "Yako iko wapi?" Akasema ati hana kiu, ni kidole gumba tu inamwasha tangu jana. Wakati nilikunywa, aligeuza uso akaangalia ukuta.

Nasro anangoja hii barua barabarani. Nimemwomba Mukhisa anipe simu yake nikae nayo, hakuuliza ni ya nini. Ukisoma hapa, piga. Nitashika mimi.

Babu