Mashine Inayodanganya Ikikimbia

Mpendwa Baba Namkunda,

Bwana asifiwe. Najua huko uliko salamu hii haihitaji mtu wa kuiitikia, ila nimezoea kuanza nawe hivyo na sijui kuanza vinginevyo. Nakuandikia nikiwa barazani, jua limetoka baada ya ukungu wa wiki nzima, na nimeosha mikono lakini karatasi bado inanukia tangawizi. Barua hii nitawasomea pia akina mama wa kikundi chetu. Wameniuliza sana binti yetu anafanya kazi gani, na kila nikijaribu kueleza nageuka kichekesho. Nikaona nikueleze wewe, wao wasikilize. Wewe ulikuwa mtu wa kuelezwa polepole.

Nianzie kanisani, kwa sababu hata Namkunda aliponieleza alianzia huko.

Unakumbuka ulivyoletwa mtaa wetu? Mwinjilisti kijana kutoka Tanga, Kiswahili kinatiririka, Chasu, Kipare chetu, huna hata cha kuombea maji. Na bibi zetu wa viti vya mbele walitaka neno kwa Chasu. Mzee wa kanisa akazunguka macho, akanikuta mimi, msichana wa darasa la saba mwenye sauti kama filimbi. "Huyu atakufaa," akakwambia. "Ukiwa naye, spika za nini?" Nikasimama kushoto kwako. Wewe sentensi moja, mimi sentensi moja.

Wahubiri wengine waliotutembelea walikuja na mahubiri yaliyoandikwa. Wananipa karatasi Jumamosi, naifasiri yote nyumbani, Jumapili nasoma tu. Wewe hukuwahi kuandika. Nilikuuliza mara moja, "Mwinjilisti, kesho unahubiri nini?" Ukanijibu, "Na mimi nangoja kusikia." Nilicheka, na moyoni nikaogopa.

Miaka ikapita, na tulipooana nikawa nimekuzoea. Ukishika miwani, najua swali linakuja. Ukisema "Wapendwa, tusidanganyane," mimi nimeshaimaliza kwa Chasu kabla hujafunga mdomo. Tukashika kasi, watu wakasema tunahubiri kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Mpaka ile Jumapili ya mwana mpotevu. Ulipofika pale mtoto anaonekana kwa mbali, mimi nikakimbia. Nikawaambia bibi zetu baba amemkumbatia, ndama amechinjwa, watu wanakula. Nageuka, wewe umesimama kimya. Kumbe siku hiyo uliamua kumfuata kaka mkubwa, na huyo ndama humtaki kabisa. Bibi Nakiete akapaza sauti, "Mama Namkunda! Mbona wewe umeshakula nyama na mwinjilisti bado yuko shambani?" Kanisa likaangua kicheko. Namkunda alikuwa kiti cha mbele, miguu haifiki chini, akacheka kuliko wote. Ikabidi nirudi. Nikakuuliza kwa jicho umeishia wapi, tukaanza tena sentensi kwa sentensi, taratibu kama siku ya kwanza. Na mchana tulipokaa kula makande ukaniuliza, "Ile nyama ilikuwa na chumvi lakini?"

Haya. Sasa nikueleze ya mwanao.

Bwana alipokuita ulimwacha chuoni, mwaka wake wa kwanza. Alipomaliza alijiunga na vijana wenzake Arusha wanaotengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maneno yake ya Kiswahili, kusudi mtoto wa kidato cha kwanza aiambie kompyuta "andika" au "rudia" nayo itii. Kazi ya Namkunda ikawa kuitengenezea lugha hiyo mashine.

Mimi nilidhani chuma. Nikamuuliza kama kuna mafuta, kama haitamkata vidole. Akacheka. "Mama, hii haina chuma. Ni mashine iliyoandikwa. Inakaa ndani ya kompyuta na inafanya kama yenyewe ndiyo kompyuta." Wao wanaiita mashine pepe.

"Kwa hiyo haipo," nikasema.

"Ipo, mama. Haishikiki tu."

Mimi ninayepiga magoti kila alfajiri, nitakataaje kitu kwa sababu hakishikiki?

Akanieleza kwamba kuna lugha za kompyuta ambazo kila kitu kinajulikana mapema, kama wale wahubiri wa karatasi. Lugha yao haiko hivyo. Iko kama wewe. Jina moja sasa hivi limebeba namba, likirudi tena limebeba neno, na mashine haiwezi kujua mpaka lifike. Kwa hiyo inafasiri papo hapo, mstari kwa mstari, na inachelewa. Kwenye kompyuta kuukuu zilizoko mashuleni ilichelewa mpaka wanafunzi wakasinzia.

Basi Namkunda akaiwekea mfasiri wa pili, wanamwita kompaila. Huyu anakaa pembeni anatazama. Akiona mstari fulani umerudi mara nyingi, na kila ukija umebeba namba, anakisia kwamba na safari ijayo itakuwa namba. Anaufasiri wote kwa mkupuo, kwa lugha ya chuma chenyewe cha kompyuta, na mstari ule unaanza kukimbia. Na siku akikisia vibaya, lazima arudi pale pale alipoiacha njia, aanze tena polepole.

"Kama wewe na yule ndama," akaniambia.

"Kwa hiyo umeyatoa kwetu haya?"

"Hapana, mama. Watu waliyajua kabla sijazaliwa. Ila wenzangu yaliwasumbua kuyaelewa. Mimi nilikuwa nimeshayaona kanisani."

Baba Namkunda, nilijisingizia naenda kuangalia kuku. Nilikwenda nyuma ya migomba nikasimama tu.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani bila kuniarifu. Bodaboda ilimshusha pale chini kwenye kona, akapanda kwa miguu, amekonda shingo imekuwa ndefu. Makande akayagusa akaacha. Nikajua hapa kuna msiba au kuna mwanaume. Nikamwekea chai ya tangawizi nikangoja.

"Mama," akasema, "ikienda polepole inasema kweli. Ikikimbia inadanganya."

"Basi iende polepole, mwanangu. Haraka ya nini?"

"Ikienda polepole hakuna anayeihitaji."

Unaipa hesabu, inajibu sawa, inajibu sawa, ikishaanza kukimbia inatoa jibu ambalo si lenyewe, tena bila kusita. Wiki nyingi ametafuta kosa haoni. Mkuu wao, si mtu mbaya, alimwambia ana mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo mashine yake inawekwa kando, na lugha yenyewe pengine inakufa nayo, kwa sababu hakuna mwalimu atakayeingia darasani na kitu kinachodanganya watoto. Miaka mitatu ya mwanao, mume wangu.

Ijumaa yote alikaa barazani akisema peke yake. Mama Elia wa jirani akapita na kuni, akasimama.

"Mwenzangu, huyo mtoto anagombana na nani?"

"Na mashine yake."

"Iko wapi?"

"Haishikiki."

Mama Elia akashusha kuni kabisa. "Tumwite mchungaji?"

"Tungoje Jumatatu," nikasema. "Ikifika Jumatatu hata mimi nitahitaji kuombewa."

Jumamosi asubuhi Namkunda akatoka jikoni na sahani zetu zote za bati na kipande cha chaki. "Mama, nisaidie. Uwe mashine."

"Mimi?"

"Huna haja ya kujua chochote. Nikisema weka, weka sahani juu ya mwenzake. Nikisema toa, toa ya juu. Usifikiri."

"Kutofikiri naweza."

Akaandika namba kwenye sahani. Weka. Weka. Jumlisha, maana yake nitoe mbili za juu, nirudishe moja yenye jibu. Na hivyo ndivyo mashine yake ilivyo ndani, rundo moja na maagizo madogo madogo, hakuna kingine. Nilishangaa sana. Mambo yote yale, hesabu, picha, majina ya watu, yanashuka mpaka yanakuwa weka na toa! Tulikwenda hivyo mpaka mikono ikazoea.

"Sasa unakimbia," akasema. "Ukijua sahani utaitumia tena, usihangaike kuirudisha kwenye rundo. Baki nayo mkononi."

Nikakimbia. Weka, jumlisha, toa, mwanao anasoma maagizo kama mnadani, mimi nazungusha sahani, Mama Elia ameegemea ukuta anaangua kicheko. Kisha Namkunda akapiga kelele, "Tumekisia vibaya! Rudi polepole!"

Nikasimama. Nikarudi kwenye rundo kama mwanzo.

"Jumlisha."

Nikatoa mbili za juu. Akaniangalia. Akaangalia rundo. Akaniangalia tena.

"Mama. Mkono wa kushoto una nini?"

Nikatazama. Sahani.

"Umeishikia nini?"

"Hukuniambia niiweke."

Namkunda akakaa chini, juu ya tangawizi niliyokuwa nimeikata na kuianika. Sikumkemea. Nilikuwa naona uso wake. "Hukuniambia niiweke," akarudia, kwa sauti ndogo. "Sikuiambia iiweke."

Ndicho kilichokuwa kosa. Mashine yake ilipokisia vibaya ilijua kurudi, na ilirudi mahali sahihi kabisa. Ila kuna kitu kimoja kilikuwa mkononi, hakikurudishwa kwenye rundo, na rundo lenyewe haliwezi kusema limepungukiwa. Likachukua sahani ya chini ambayo si zamu yake, likajumlisha, likajibu. Usidhani nilimsaidia kwa akili. Mimi nilitii tu. Aliyeona ni yeye, na aliona kwa sababu alikuwa ametazama mahali pengine pote kwanza.

Akaingia kwenye kompyuta yake. Alichoandika kilikuwa kifupi, hakikuzidi aya moja ya barua hii. Kisha akaniita nisimame nyuma yake. Majibu ya polepole yalishuka upande mmoja wa kioo, majibu ya haraka upande wa pili. Yakawa yanashuka, yanashuka, na kila mstari yanafanana. Nilikuwa nimeshika bega lake bila kujua, mpaka akasema, "Mama, unaniumiza."

Akasema nami niandike kitu. Nikachapa kwa kidole kimoja, alivyonielekeza: rudia, andika, kisha jina lako. Nikabonyeza. Jina lako likajaa kioo kizima kwa ghafla, kama mvua ya vuli inavyoshuka kwenye mabati, kabla sijalisoma hata mara moja. Mama Elia akasema, "Jamani, Mwinjilisti!" na hakuna aliyecheka. Neno la Kiswahili nililochapa mimi, likavunjwa kuwa weka na toa, likafika kwenye chuma, likarudi likiwa wewe.

Jumatatu simu ilitukuta bombani tunaosha tangawizi. Mikono yake ilikuwa tope tupu, nikamshikia simu, spika wazi.

"Namkunda," mkuu wao akasema, "tangu asubuhi tunaikimbiza kwenye kompyuta kuukuu kuliko zote tulizonazo. Tumeipa namba, tumeipa maneno, tumeibadilishia katikati. Haijadanganya."

Namkunda akafunika uso kwa mikono ile ile ya tope.

"Upo?"

"Yupo," nikajibu mimi. "Analia."

"Ah! Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mwambie tunaiweka. Muhula ujao inaingia mashuleni."

"Nitamwambia akinyamaza."

"Lakini mama, unajua binti yako ametengeneza nini?"

"Najua sana. Jumamosi nilikuwa mimi."

Jana ameondoka. Amekula kabla ya kwenda, sahani mbili. Tulipokuwa tunangoja bodaboda nilimuuliza kama haimuumi kwamba watoto wale hawatamjua, watachapa "andika," itaandika, waone ni jambo la kawaida. Akasema, "Mama, siku wakijua ipo, ujue imeharibika." Akapanda, akashika begi lake, akateremka mlima.

Nami nimebaki na jambo hili, na sina mtu mwingine wa kumweleza lilivyo. Mtoto tuliyemlea kwa viazi na sala ametengeneza kitu kisichoshikika, kinachosikia neno na kutenda. Na hakukubali kukiachia mpaka kinapokimbia kiseme kweli ile ile kinayoisema kikitembea. Mimi binadamu wa namna hiyo nimewajua wachache. Alfajiri ya leo nilipiga magoti kushukuru, na maneno hayakuja. Unanijua, maneno hayajawahi kuniishia. Nilikaa tu mbele za Mungu, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa akaambiwa kimetoka nyumbani kwake.

Nakuachia hapo kwa leo, mikononi mwa Yeye aliyekupenda kabla yangu.

Mkeo,
Mama Namkunda