Ovaroli Saba za Bluu

Jumapili, 3 Machi

Nimejiapia leo: humu nitaandika yote, ya kujivunia na ya aibu, bila kupamba. Kitabu hiki amenipa Baba kwa kushika nafasi ya pili darasani. Akasema ningeshika ya kwanza ningepata chenye kufuli. Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Basi, hakina kufuli, na mimi sina siri.

Leo karakana ya Baba ya samani imefungwa. Kati yake na nyumba yetu kuna uwanja mdogo tu, kwa hiyo mashine zisipolia unasikia hata saa ya ukutani. Nimemaliza kushona jina la mwisho kwenye mifuko ya ovaroli — la fundi wa vanishi, ambaye wote wanamwita Harufu. Sasa zote saba zina majina. Uzi mwekundu juu ya bluu. La kwanza kabisa nilimshonea Baba Mdogo: REDIO. Si ndugu wa damu, ila alianza kazi na Baba wakiwa na msumeno mmoja kati yao, kabla sijazaliwa. Anaitwa Redio kwa sababu hanyamazi. Mashine ya kukereza, ile inayozungusha mti uchongwe, ikinguruma, yeye anaongeza sauti. Mimi ananiita Mwalimu, kwa kuwa napenda kueleza mambo hata nisipoulizwa.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu wa uraia ametufundisha sheria mpya ya fidia. Zamani aliyeumia kazini alilipwa kama ana mkataba wa kudumu tu. Sasa hata kibarua. Mwajiri lazima amkatie bima kila anayemfanyia kazi; asipokata na mtu akaumia, atamtibu na kumfidia kutoka mfukoni mwake. Nikanyoosha mkono. Tutajuaje nani ni mfanyakazi wa nani, kama hawajaandikiana? Mwalimu akasema hilo ndilo swali lenyewe. (Naandika kwa sababu nimeapa kuandika yote, si kwa kujisifu.) Angalieni mambo matatu, akasema: nani anampangia saa, nani anampa vifaa, nani anamvalisha.

Wakati wa kula nimemweleza Baba yote matatu, kwa vidole. Alisikiliza vizuri sana. Aliacha hata kutafuna. Akaniomba nirudie lile la vifaa. Nimefurahi — si kila siku mtu mzima anakuomba urudie.

Ijumaa, 8 Machi

Mwenye kiwanda cha matofali kaja kwa Baba, wakakaa ofisini mlango wazi. Ameshawaachisha vibarua wanne. Anasema hao wa serikali wamekaa kwenye viti vya kuzunguka wakatunga sheria, na sisi wa jua kali ndio tunaoilipia. Anasema siku hizi akimwona kibarua kapanda ngazi, moyo unamwenda mbio, si kwa huruma, kwa gharama. Baba hakucheka. Akasema yeye hamwachishi mtu. Wale ni ndugu zake, atapata njia.

Nilikuwa napita na birika la chai. Nilitembea polepole ili nisikie tena. Ningependa wanafunzi wenzangu wote wamsikie.

Jumatatu, 11 Machi

Kengele haikugongwa asubuhi. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mlangoni pa karakana, nayo imenyanyuliwa na kuwekwa stoo. Baba amewaambia watu wazima hawagongewi kengele kama watoto wa shule. Kila mtu aje anapoona inafaa, mradi kazi iishe.

"Bosi, mimi nikija ninapoona inafaa utaniona mwakani," akasema Redio.

Wakacheka wote. Lakini walianza kazi saa ileile ya siku zote. Baba alikuwa amesimama mlangoni anawahesabu kwa macho kama kawaida. Labda ni mazoea.

Ijumaa, 15 Machi

Siku nzuri mno! Baba amewagawia mafundi vifaa vya karakana. Si kuwaazima. Kuwapa. Randa, nyundo, misumeno, patasi — kila mtu vyake, aende navyo nyumbani hata kesho akitaka. Aliniomba mimi niseme maneno machache, maana ninajua kupanga sentensi. Nikasema ni heshima kwa miaka yao yote, na kwamba kuanzia leo hakuna bosi na fundi, kuna mafundi watupu. Hiyo sentensi ya mwisho alinipa Baba.

Baba Mdogo Redio alipewa patasi za kukerezea, zile za mpini wa mti mweusi. Akazishika. Akafungua mdomo, hakutoa neno. Harufu akasema tumwite fundi redio, chombo kimeharibika. Ndipo akalia, mtu mzima yule, mbele yetu sote. Baba akampiga kila mmoja picha kwa simu, na vifaa vyake mkononi. Harufu akauliza kama ni za kwenda gerezani.

Mama hakutoka. Nilipomweleza alisema, "Baba yako hajawahi kutoa hata msumari wa bure." Nikaona hamtendei haki. Nimeandika hapa ili nikumbuke kumtetea.

Jumanne, 19 Machi

Baba amekusanya ovaroli zote saba. Ziende kufuliwa, anasema. Jioni Mama akauliza zinafuliwa wapi.

"Mimi ndiye ninayezifua miaka yote. Mbona sijaziona?"

"Nimezipeleka kwa dobi."

"Dobi gani?"

"Mama Fulani, tule kwanza."

Akimwita Mama Fulani ujue mazungumzo yamekwisha. Mama hakuacha. Akamkumbusha kuwa yeye ndiye aliyetia lastiki mikononi mwa ovaroli zile, ili mashine isipate nguo ya kushika. Bila ovaroli watavaa nini? Baba akasema watavaa nguo, kwani walikuja duniani na ovaroli?

Mimi nilicheka. Lazima niandike na hilo.

Jumamosi, 23 Machi

Baba Mdogo ameumia.

Nilikuwa pale. Nilikuwa napiga msasa miguu ya stuli. Alikuwa anakereza mguu wa kitanda, ananisimulia jinsi mkewe anavyokoroma. Alivaa shati lake la zamani la mikono mipana. Mashine ikalidaka. Nikaona shati linazunguka, mkono ukafuata. Harufu akakimbilia swichi. Baba Mdogo hakupiga kelele. Yeye, ambaye hanyamazi.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Jumapili, 24 Machi

Jana sikuandika la hospitali. Naliandika sasa, maana nimeapa.

Tulimpeleka kwa pikapu ya Baba. Baba alikuwa akiendesha huku anasema ndugu yangu, ndugu yangu, vumilia. Hilo ni kweli, nililisikia kwa masikio yangu. Mapokezi karani akauliza: ameumia kazini? Mwajiri wake nani?

Baba akajibu bila kusita, "Hana mwajiri. Ni fundi wa kujitegemea. Anakuja kwa saa zake, vifaa vyake, nguo zake. Kwangu ameazima mashine tu."

Saa. Vifaa. Nguo. Kwa mpangilio uleule. Ilikosekana tu sauti yangu na vidole vyangu juu ya meza.

Baba Mdogo alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu hatua chache kutoka pale. Sijui kama alisikia. Aliniangalia mimi, si Baba.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda shule. Nimerudi. Mwalimu wa uraia aliniuliza naumwa nini. Nikasema kichwa.

Jumanne, 26 Machi

Wamegombana jikoni, nikiwa uani naanua nguo. Naandika walivyosema.

Mama alisema kama angewakatia bima tangu sheria ilipotoka, leo hii mkono wa yule mtu ungetibiwa bila mtu kubembelezwa. Baba akasema: kuwakatia wote saba ni kuwaachisha wawili. Angemwachisha nani? Amtajie. Harufu mwenye watoto watano? Baba akasema alitaka wote wabaki. Hakumdhuru mtu, alisubiri tu biashara ikae sawa.

"Ulimvua ovaroli," akasema Mama.

Nikasikia kiti kikisukumwa na mlango ukifungwa.

Ningetaka awe mwongo tu, ningejua pa kumweka. Lakini la kuwaachisha wawili naamini ni kweli. Kwa nini basi hakuwaambia? Wangekaa, wangeshauriana, ni watu wazima — si ndivyo alivyosema, watu wazima? Badala yake aliwapa zawadi. Na mimi ndiye aliyenisimamisha niitolee hotuba.

Jumatano, 27 Machi

Ovaroli nimeziona. Haziko kwa dobi.

Nimepita gereji ya jirani nikitoka shule. Fundi yuko chini ya gari, kanyoosha mkono anadai tambara. Kijana wake akampa. Bluu. Limekatwa vipande. Nikauliza wameyapata wapi. Akasema, baba yako katuletea mfuko mzima, mzee mkarimu yule, pamba safi inanyonya grisi vizuri.

Nikaomba nitafute ndani ya mfuko. Akaniona kituko lakini akaniruhusu. Nilipata mfuko mmoja wa kifuani, mzima. Uzi wangu mwekundu. RE ina grisi, DIO safi. Nimeuficha ndani ya soksi ya shule.

Kumbe siri ninayo sasa. Na kitabu hakina kufuli.

Ijumaa, 29 Machi

Nimekwenda na Mama kwa Baba Mdogo. Ametoka hospitali na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Daktari amesema asipopasuliwa mara ya pili mapema, vidole havitakunjika tena. Mkono wa kulia. Mkereza asiyekunja vidole ni mtu gani?

Mkewe ametuambia vifaa vimeshauzwa. Randa, nyundo, vyote, kulipia dawa. Zimebaki patasi zile za mpini mweusi. Mume kakataa. "Hizi kanipa ndugu yangu," alimwambia. Mkewe alipotusimulia hilo alimwangalia Mama machoni, Mama akaangalia sakafu.

Nyumba ya Baba Mdogo bila sauti yake inaonekana kubwa. Mwishoni akaniambia:

"Mwalimu, usinikunjie uso. Baba yako anasubiri mambo yatulie. Namjua mimi yule, tumelala gunia moja. Hawezi kuniacha."

Kumbe pale hospitali hakusikia. Au alisikia na ameamua hakusikia. Niliitikia kwa kichwa. Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwake, nao haukuwa na neno hata moja.

Njiani mkewe akatusindikiza. Akasema amekwenda ofisi ya kazi ya serikali, peke yake, mume hajui. Afisa atakuja karakanani Jumanne. Atamhoji kila aliyekuwepo siku ile. "Na wewe ulikuwepo, mwanangu," akaniambia. Hakuniomba kitu. Angeniomba ningeona nafuu.

Jumatatu, 1 Aprili

Baba ameniita ofisini. Amepungua uso. Akanipa kiti, jambo ambalo hafanyi.

Akasema kesho nikiulizwa, nijibu ninachokijua tu. Kengele inagongwa? Haigongwi. Vifaa ni vya nani? Vya mafundi, na mimi mwenyewe nilikuwepo vikigawiwa. Wana sare? Hawana. "Umeona? Hakuna uongo hata mmoja. Sijakulea useme uongo."

Nikamuuliza, na Baba Mdogo je?

Akasema sheria ikimpata atafunga karakana, na hapo hata huyo Baba Mdogo hatakuwa na pa kurudi. Yeye atamsaidia mwenyewe, kwa utu, polepole, si kwa amri ya afisa. Nikasema daktari amesema mapema. Akavua miwani akaifuta. Ikawa safi, akaendelea kuifuta.

"Wewe ni mwanangu au ni mwanasheria?"

Nilitoka. Sikujua kama inafaa kuwa vyote viwili.

Jumanne, 2 Aprili

Sikwenda shule. Afisa amefika. Mwanamke, mfupi, viatu vya kutembelea, hataki chai. Niko chumbani na naona uwanja wote dirishani. Ameshamhoji Harufu: Harufu alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu na kujibu ndiyo, ndiyo, ni vya kwangu, nakuja ninapotaka. Wengine vilevile. Nawaelewa. Wanaogopa kuachishwa kazi.

Sasa anaitazama mashine ya kukereza. Amegusa ndoano pale mlangoni, iliyokuwa na rimu, ameangalia juu kisha chini. Baba amerudi ofisini na kujifungia. Nimesikia afisa akimuuliza Mama: yule binti aliyekuwepo yuko wapi? Mama kasema anavaa, anakuja.

Nimeshavaa tangu asubuhi.

Nimeutoa mfuko kwenye soksi. Nilifikiri nimpelekee afisa moja kwa moja. Miguu imekataa. Huyu ni Baba. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa vipande vya mbao, kabla ya shule. Nataka kwanza aone kwamba najua. Nataka yeye ndiye atoke na mfuko huu mkononi, aseme mwenyewe. Bado naamini anaweza. Labda na mimi, kwa kumwamini hivi, nimelala gunia moja na Baba Mdogo.

Kwa hiyo nimechana karatasi ya nyuma ya kitabu hiki, nimeandika swali moja, nimeukunjia mfuko ndani yake. Mama ameuchukua. Hakuuliza ni nini. Aliugusa kwa kidole gumba, pale penye jina, akaujua. Kauweka kwenye sinia chini ya kikombe cha chai. Nimemwomba asitoke ofisini bila jibu. Akasema hatoki.

Naona mgongo wake unavuka uwanja. Anabisha. Mlango umefunguka kidogo, sinia limeingia, naye ameingia nalo. Afisa anakuja huku, anapangusa viatu kwenye ngazi yetu.

Nilichoandika ni hiki:

Baba, akiniuliza jina hili nilimshonea nani, nimjibuje?