Udongo Uliotiwa Chuma

Namuwongo, Kampala

Mpenzi Baba Neema,

Mwili wangu mzima, ila moyo unachemka. Nyinyi huko je? Kifua cha mama kimepoa? Neema anakula?

Uliniandikia nivumilie, nipate shahada kwanza. Nisome hadi mwisho kabla hujanilaumu.

Unaijua kazi yangu. Tunatengeneza udongo wetu wenyewe maabara, safi kabisa, kisha kila donge tunalitia ioni za metali yake, hili magnesi, hili chuma, tuone linavyogeuka likiingia tanurini. Lile la chuma halikungoja mengine. Liligeuka mapema, moto ukiwa bado mdogo, na ukilizidishia moto linakuwa kama kioo: gumu kwa macho, lakini linapasuka. Nikamwambia Daktari, msimamizi wangu.

"Kipimajoto kimeharibika," akasema. "Rudia."

Nikarudia kwa tanuri jingine. Ikawa vilevile. Akaniambia kwa upole, "Madamu, wenye kiwanda wanataka jibu moja. Chuma tuache."

Kiwanda chenyewe, kinachotegemea ushauri wa Daktari, kinatengeneza majiko ya makaa. Udongo wao ni mwekundu, umejaa chuma. Daktari aliwaambia wauchome kwa moto mkali kama udongo mweupe usio na chuma, nao wakauchoma.

Jirani yangu Mama Furaha, yule Mkongomani anayekaanga sambusa kando ya reli, alinunua jiko lao. Lilipasuka mafuta yakichemka. Mguu wake wa kushoto umeungua kuanzia goti hadi vidoleni. Nilimpeleka hospitali mimi, na njia nzima alikuwa akiniuliza, "Dada, nilitia makala mingi?" Makala kwao ni makaa. Anajilaumu yeye, Baba Neema. Yeye.

Kesho yake nilimwekea Daktari vipande vya lile jiko mezani, wanafunzi wakitazama.

"Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na mguu wa mtu," nikamjibu.

Akanifukuza maabara. Nikaenda kiwandani moja kwa moja. Mwenye kiwanda alinisikiliza tukiwa tumesimama uani, kisha akaita watu wake wazime matanuri. Sasa wanayakusanya majiko madukani, na matibabu ya Mama Furaha ameyabeba yeye. Naye Daktari anawaambia watu kwamba habari ya chuma aliigundua mwenyewe. Mgonjwa hajaenda kumwona hata mara moja.

Shahada yangu imesimama. Nimeomba msimamizi mwingine. Wakikataa nitarudi mikono mitupu, na sitamwonea haya mtu yeyote, hata wewe.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji yangu fundi wa baiskeli, na shangazi anayetulelea mtoto. Mama Furaha naye anakusalimu. Leo amekanyaga chini kwa mara ya kwanza. Akalia, akajifuta, akakanyaga tena.

Mkeo mwenye hasira, akupendaye,
Mama Neema