Ufa wa Chumba cha Bibi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama anasema bado unashuka mgombani kabla ya chai, na ukikatazwa unajibu kwamba goti ni la kwako. Mimi huku Ujerumani ni mzima, ila baridi imeanza na masikio yangu hayajaikubali. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unasema "nimesikia, nimesikia," kisha unampa Mama. Najua mdogo wangu Elibariki ndiye atakayekusomea, maana macho yako hayataki tena maandishi madogo. Elibariki, soma yote, usiruke.

Baba, nina swali la kazi yako. Yule bibi wa Kijerumani ninayemtunza hawezi tena kupanda ngazi, kwa hiyo mwanawe anamwongezea chumba chini, kando ya nyumba ya zamani. Mafundi wako mbele ya dirisha la jikoni, na mimi nikiosha vyombo nawatazama mpaka maji yanapoa. Kwanza walichimba pembeni ya msingi wa zamani waone umeishia wapi. Walipoufikia mwisho wake wakaacha kuchimba. Nikakukumbuka wewe ukiwa umepiga magoti, unapima kwa fimbo, ukisema, "Tukizidi hapa, nyumba ya zamani itakosa pa kusimama."

Halafu nikaona kitu cha ajabu. Kabla ya kumwaga zege waliweka ubao mweusi, laini, unene wa kidole, kati ya msingi wa zamani na huu mpya. Sikuweza kuvumilia. Nikawapelekea kahawa (ya huku ni maji yenye rangi, nilishakwambia) nikamuuliza fundi mkubwa kwa nini wanaitenganisha misingi badala ya kuishikamanisha.

Akasema, "Nyumba hii ya zamani imeshakaa miaka mingi. Hii mpya itashuka kidogo. Ukizibana, moja itaivuta nyingine na ukuta utapasuka."

"Na nondo je?"

"Kuna mahali tunafunga kwa nondo. Inategemea udongo na uzito. Kwa hapa, hapana."

Maneno hayo niliyasikia kwako, hapo Mwika, ulipojenga chumba cha Bibi yetu.

Uliacha nafasi ya kidole kati ya chumba kile na ukuta wa sebule, ukaijaza mifuko ya saruji iliyokunjwa, juu ukafunika kwa kipande cha bati mvua isiingie. Majirani walicheka: fundi gani anaacha ufa kwa makusudi? Mimi nilicheka nao. Masika yalipokuja, ukuta wa sebule ukapasuka kuanzia kona ya dirisha, watu wakasema unajua kujengea wengine, ya kwako imekushinda. Kazi zikapungua. Ukaitundika timazi yako ya kupimia kuta kwenye msumari nyuma ya mlango, na ipo hapo mpaka leo.

Baba, ni mimi niliyeharibu.

Kabla ya masika hayo, wiki ile wakwe walipokuwa wanakuja kuniposa, wewe ulikuwa na kazi Uru. Niliona aibu. Niliwaza wageni wameketi sebuleni na pombe ya mbege mkononi, macho yote kwenye ule ufa. Mama alipokwenda sokoni nikachomoa mifuko yako, nikakoroga saruji iliyobaki stoo, nikaziba kuanzia msingini mpaka nilikofika na ngazi, ndani na nje, kisha nikapaka chokaa. Wageni waliisifu nyumba. Ukuta ulipopasuka nikaambiwa ni mvua, nikakubali haraka sana.

Sasa kila nikitazama ule ubao najiuliza: hivi Baba hakuona? Wewe unayemjua fundi kwa plasta yake tu? Ulirudi kutoka Uru ukakuta saruji imebandikwa kama ugali uliomwagika, na mwiko wako haujaoshwa. Na kama uliona, kwa nini hukuibomoa? Ni kwa sababu wakwe walikuwa bado wanakuja na kwenda? Ulisimama mbele ya watu ukasema, "Mvua ilikuwa nyingi," ili mimi nisichekwe? Nataka sana kujua, na naogopa kujua. Nisamehe, Baba. Nimeona aibu miaka yote hii, ila nilikuwa naificha palepale nilipouficha ule ufa.

Ninasema leo kwa sababu Elibariki amenitumia picha. Mtaro wa msingi wa vyumba viwili vipya anavyojenga hapo nyumbani umeshafika kwenye ukuta wa sebule, ili tukija Krismasi tupate pa kulala. Fundi amempata kule Bomang'ombe, na anataka kuufunga msingi mpya na wa zamani kwa nondo. Nilimuuliza kwa nini si Baba. Akanijibu, "Dada, si unakumbuka chumba cha Bibi?"

Nakumbuka kuliko mtu yeyote.

Mama mwambie blanketi lake nimeshalinunua, na ng'ombe wake asimpe maganda yote, amwachie na mbuzi. Shangazi wa Uru mpe shikamoo yangu, na mume wangu naye anawaamkia wote.

Elibariki, hapo umesoma kwa sauti na Mama amesikia. Zege lisimwagwe kwanza. Inuka, nenda nyuma ya mlango, umpe Baba timazi yake.

Binti yako,
Aikande