Mota Isiyonguruma

Jumatatu, 3 Juni 2024
Baridi kali. Injini ya dizeli imezimwa leo! Miaka kumi na moja napanga mbao kiwandani huku inanguruma. Sasa msumeno unazungushwa na mota ya umeme wa jua. Mafundi wa Sumbawanga mjini wamemaliza kufunga paneli juu ya bati. Na tanuri la kukaushia mbao linakula maranda yetu wenyewe, yale tuliyokuwa tunatupa. Bosi Lwitiko anatabasamu tu. Nimesikia ndege. Ndege, kiwandani!

Jumatano, 5 Juni
Kelele zile zilituzoesha kuongea kwa mikono. Leo watu wanapiga soga kawaida. Mume wangu Kalisti, fundi wa msumeno, bado anaongea kwa mikono. Bosi kamwita kwa nyuma mara tatu — hageuki. Vitus, mpanga mbao mwenzangu, akacheka, eti mzee ana maringo siku hizi.
Mimi sikucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu wangu. Kalisti kainama kutoa kipande kilichonasa, akidhani msumeno umesimama. Zamani dizeli ilitetemesha sakafu, alijua kwa miguu kama msumeno unazunguka. Nimemvuta koti. Glavu imechanika, lakini kidole ki salama.
Tukakaa nyuma ya tanuri, kwenye joto. Nikamtazama usoni: husikii tangu lini?
Tangu Epifania azaliwe, akasema.
Mwanetu yuko darasa la tano! Kumbe miaka yote anatusoma midomo. Akaniomba nisimwambie bosi, atapoteza kazi. Nikamfuta maranda kwenye nyusi.

Jumamosi, 8 Juni
Ugali wa ulezi, maharage. Nimeongea naye polepole, uso kwa uso. Akasema nimemsemesha kama enzi za uchumba, kule Mpui. Ameniita Avelina, siyo Mama Epifania. Nimeona haya, mtu mzima mimi!

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi nimemwambia: usiposema wewe, nitasema mimi. Mikono yako naitaka mizima.
Kasukuma kikombe cha chai pembeni. Kisha — "Twende wote. Akinifukuza, nataka niisome habari hiyo kwenye mdomo wako."
Tuko kwenye benchi nje ya ofisi. Daftari liko gotini. Kavua kofia, anaizungusha vidoleni. Nimemwekea kola sawa.
Mlango umefunguka. "Karibu, Kalisti," bosi anasema.
Kalisti ananitazama mimi, mdomoni —